Bahari Nayo Ina Taa Nyekundu

(Hotuba ya mwanachama mmoja wa reli kwa wenzake wa tawi, Kaloleni, Nairobi)



Mimi si mwalimu wala mwanasiasa. Ni mtu wa reli kama wengi wenu, na elimu yangu ni ile ya shule ya misheni. Mmeniomba nieleze safari yetu ya Shimoni, kwa kuwa tawi linafikiri kupeleka wanachama wengine wakati wa likizo. Nitaeleza niliyoyaona, na pia kosa nililolifanya, ili ninyi msilifanye.

Wengi wetu hapa Kaloleni, Makongeni na Muthurwa tunaijua Mombasa kwa stesheni na bandari tu. Lakini ukivuka Likoni ukashika barabara ya Lunga Lunga, utafika Shimoni, karibu na mpaka wa Tanzania. Mbele ya Shimoni kipo kisiwa cha Wasini, na kupita Wasini viko visiwa vidogo vya Kisite na Mpunguti. Huko bahari yenyewe ni hifadhi, kama hapa Nairobi tulivyo na mbuga ya simba. Malindi na Watamu zilitangulia mwaka 1968. Hii ya Kisite na Mpunguti ilitangazwa mwaka 1973, na mwaka 1978 ikatangazwa upya.

Ina sehemu mbili. Kisite ni kilomita za mraba 28, na huko hakuna ruhusa ya kuvua hata samaki mmoja. Mpunguti ni kilomita za mraba 11, na huko mvuvi huruhusiwa kuvua kwa njia za asili, kama mshipi na dema. Wenye kusimamia ni Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya.

Basi tulipanda mashua asubuhi. Njiani tuliona pomboo wakiruka, na watoto wetu wakapiga kelele za furaha. Tulipofika Kisite tulivaa miwani ya maji tukaingia. Ndugu zangu, nilidhani nimeona rangi zote duniani, kumbe bado. Pono, changu na samaki wa mistari walipita mbele ya uso wangu bila hofu.

Mimi si mwogeleaji. Nilipochoka nilitafuta pa kusimama, nikaona kitu kama mwamba, nikakikanyaga kwa miguu miwili. Kikavunjika. Nahodha, mzee wa Wasini, akapiga ukelele kutoka kwenye mashua: "Mwanangu, ondoka hapo! Umesimama juu ya kitu hai!"

Nikajibu, "Nisamehe, Mzee. Nilidhani ni jiwe."

Niliporudi chomboni alinieleza kwa upole. Tumbawe si jiwe. Ni nyumba iliyojengwa na viumbe wadogo sana walio hai. Yale makubwa ya duara hukua kiasi cha sentimita moja hivi kwa mwaka. Kwa hiyo nilivunja kwa dakika moja kazi ya miaka mingi. Akaongeza kwamba mwaka 1998 maji yalipata joto kupita kiasi, matumbawe yakawa meupe, na mengi pwani yetu yakafa. Mgonjwa aliyetoka kitandani juzi hakanyagwi kifuani.

Niliona aibu. Sisi wa reli tunajua mtu akipita taa nyekundu ni hatari gani. Bahari nayo ina taa yake nyekundu, lakini haiwaki. Asiyeambiwa hataiona.

Kisha mzee akasema jambo ambalo sijalisahau. Alisema baba yake alikuwa akitega dema Kisite, na siku moja akaambiwa asitege tena. "Samaki wamepona, hilo nalikubali," akasema, "lakini sisi tulikula nini siku ile?"

Ndugu wanachama, swali hilo ni letu. Sisi tunajua uchungu wa amri iliyoandikwa ofisini na mtu ambaye hajawahi kushika nyundo ya kikosi cha njia. Amri yaweza kuwa ya haki kabisa, na bado ikamwacha mtu na watoto wake bila chakula. Samaki wakizaa kwa usalama ndani ya mpaka, wengine hutoka nje na mvuvi huwapata. Hilo ni kweli. Lakini linachukua miaka, na njaa haingoji miaka.

Nimeuliza na kusoma, nikaona kwamba iko njia iliyo bora. Kisiwa cha Chumbe, karibu na mji wa Zanzibar, kilitangazwa hifadhi mwaka 1994. Wavuvi wa zamani walifundishwa wakawa walinzi wa miamba. Hawana bunduki, kazi yao ni kuwaeleza wavuvi wenzao na kuongoza wageni. Mtu aliyeacha nyavu alipata mshahara.

Na kwetu Kenya, huko Kuruwitu, Kilifi, mwaka 2005 wavuvi wenyewe walikubaliana kufunga sehemu ya bahari yao, kiasi cha hekta 30. Mahali pa namna hiyo huitwa tengefu. Walioshauriana ndio wanaolinda. Hata Wasini, akina mama wana daraja la mbao linalopita kati ya mikoko na matumbawe ya kale, na wageni hulipa kiingilio kinachoingia kijijini.

Sasa tukienda, twende kama watu wenye chama. Kwanza, twende wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, maji yakiwa matulivu. Kusi huchafua bahari. Pili, kiingilio cha hifadhi ni cha serikali, nauli ya mashua ni mbali. Tulipe vyote viwili, tena tutafute mashua ya wenyeji, tusimpunje nahodha kwa kubembeleza bei. Sisi tunaodai mshahara wa haki tutamnyimaje mwenzetu jasho lake? Tatu, kila mtu avae jaketi la kuelea, mwogeleaji na asiye mwogeleaji. Nne, tusikanyage matumbawe, tusiwalishe samaki mkate, tusinunue makombe wala kasa. Tano, takataka zetu turudi nazo.

Na kila mtakapokaa na mtu wa bahari, mwulizeni habari za kazi yake. Hifadhi itadumu ikiwa yule aliyeacha sehemu yake ya kuvulia amepata sauti na riziki. Akiachwa na njaa, atarudi usiku na juya, na hakuna mlinzi atakayeweza kuzuia bahari nzima.

Mzee yule alikataa pesa ya ziada niliyompa kwa ajili ya tumbawe nililovunja. Alisema, "Nenda ukawaambie wenzako." Nami leo nimewaambia.