Bayogesi ya Shinyanga na Geita: Kazi Inayobaki Baada ya Mtambo Kujengwa

Bayogesi, yaani gesi inayotokana na kuoza kwa samadi na mabaki mengine ya viumbe mahali pasipoingia hewa, husifiwa mara nyingi nchini Tanzania kama nishati ya jiko la mfugaji, na sifa hiyo ni ya haki. Hata hivyo, katika ukanda unaoanzia mazizi ya ng'ombe ya Kishapu hadi machimbo ya dhahabu ya Kahama, Nyarugusu na Geita, namna ya kuizalisha imekwisha kuelezwa vya kutosha, ilhali namna ya kuisafisha ili ifae kwa kazi iliyokusudiwa haijapewa uzito unaostahili, na hapo ndipo mitambo mingi inapofia.

Uzito wa jambo hili unatokana na historia ya eneo lenyewe. Miti ya Shinyanga ilikatwa kwa miongo mingi, kwanza ili kuwaondoa mbung'o, kisha kwa ajili ya mashamba ya pamba, kuni na mkaa, hata mkoa ukafananishwa na jangwa. Mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa jina la HASHI na kuanza mwaka 1986, ulirejesha uoto katika maelfu ya hekta kwa kufufua ngitili, ambayo ni desturi ya Wasukuma ya kutenga eneo la malisho lisiguswe mpaka kiangazi. Kazi hiyo kubwa imo hatarini pale mahitaji ya kuni yanapoongezeka, na katika ukanda wa dhahabu yanaongezeka kwa pande mbili: vijiji vya wachimbaji wadogo vinapika kwa kuni na mkaa, na maduara yao, yaani mashimo wanamochimba dhahabu, yanashikiliwa na magogo yanayoitwa matimba, ambayo bayogesi haiwezi kuyapunguza hata kidogo. Kinachoweza kupunguzwa ni moto wa jikoni na, kwa masharti yatakayoelezwa, dizeli ya mashine.

Bayogesi ni mchanganyiko wa gesi kadhaa. Methani, ambayo ndiyo inayowaka, huwa kati ya asilimia 50 na 70. Kaboni dayoksaidi, isiyowaka, huchukua karibu sehemu yote inayosalia. Kisha upo mvuke wa maji pamoja na kiasi kidogo cha haidrojeni salfaidi, gesi yenye harufu ya mayai viza, ambayo licha ya uchache wake ndiyo yenye madhara makubwa. Ikichanganyika na unyevu hula shaba na chuma. Ikiungua hutoa salfa dayoksaidi, ambayo pamoja na maji hugeuka asidi ndani ya injini na kuharibu oili na beringi zake. Na ikijikusanya kwa wingi katika shimo lililofungwa huua, kwa kuwa kwanza hulemaza uwezo wa kunusa, mtu akadhani harufu imekwisha wakati hatari ndiyo imeanza. Wachimbaji wanaojua maana ya kushuka katika duara lenye hewa mbaya hawahitaji kusisitiziwa jambo hili.

Dawa ya haidrojeni salfaidi, kwa bahati njema, ni kutu. Gesi ikipitishwa ndani ya bomba pana lililojazwa nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, au chenga za chuma kutoka karakana zilizoachwa zipate kutu, salfa huungana na chuma na kuwa salfaidi nyeusi ya chuma, na gesi hutoka upande wa pili ikiwa imepungua ukali. Kutu hiyo ikishiba, hutolewa na kuanikwa hewani ili irudie hali yake, ingawa kazi hiyo lazima ifanywe polepole na chenga zikiwa na unyevu, kwa sababu mabadiliko hayo hutoa joto linaloweza kuwasha moto. Baada ya kurudiwa mara kadhaa chenga hubadilishwa. Mvuke wa maji ni mwepesi zaidi kushughulikiwa: bomba hulazwa kwa mteremko na kuwekewa koki mahali palipo chini kabisa ili maji yanayotokana na mvuke huo yamwagwe.

Kuondoa kaboni dayoksaidi ni kazi ya ngazi nyingine. Njia inayotumika sana ni kuisukuma bayogesi kwa mgandamizo ndani ya mnara wenye maji yanayotiririka, kwa kuwa kaboni dayoksaidi huyeyuka majini kwa urahisi kuliko methani. Kinachobaki, chenye methani ya zaidi ya asilimia 95, hakina tofauti kubwa na gesi asilia ya Songo Songo inayoendesha magari jijini Dar es Salaam. Hapa ni lazima dhana moja iliyoenea irekebishwe: gesi hii haiwezi kujazwa katika mitungi ya kawaida ya kupikia. Gesi ya mitungi hiyo hugeuka kimiminika kwa mgandamizo mdogo, lakini methani haigeuki kimiminika kwa mgandamizo wowote mpaka ipozwe chini ya nyuzi 82 za Selsiasi chini ya sifuri. Kwa hiyo huhifadhiwa kwa kugandamizwa hadi kiasi cha baa 200 katika mitungi mizito ya chuma iliyotengenezwa mahususi. Anayelazimisha bayogesi kwa kompresa ndani ya mtungi wa kupikia anatengeneza bomu.

Kutokana na hayo, kiwango cha usafishaji hakina budi kufuata matumizi. Jiko la nyumbani linahitaji kumwaga maji na, inapowezekana, kichujio kidogo cha kutu. Kaboni dayoksaidi haina haja ya kuguswa. Injini ya jenereta inahitaji kichujio hicho kwa lazima. Usafishaji kamili unastahili tu pale mali ghafi inapokusanyika kwa wingi mahali pamoja, na kwa maoni ya uchambuzi huu, anayeupigia debe kwa kaya moja moja anawapotezea wafugaji fedha.

Hesabu ya kaya yenyewe haina ulegevu. Ng'ombe wa kienyeji hushinda malishoni, kwa hiyo samadi inayopatikana ni ile ya zizini usiku, takribani kilo tano kwa kila mmoja. Ng'ombe 20 hutoa kilo 100, ambazo huzalisha karibu mita nne za ujazo za bayogesi kwa siku, kiasi kinachotosha mapishi ya familia kubwa na ziada, au kinacholingana na lita mbili hivi za dizeli. Lakini kilo 100 za samadi huhitaji takriban lita 100 za maji, yaani ndoo tano kubwa kila siku, na katika kiangazi cha Kishapu ndoo tano ni safari ndefu ya mwanamke. Mkojo wa ng'ombe na maji yaliyooshea vyombo husaidia, ilimradi yasiwe na sabuni nyingi. Udongo nao una masharti: ule mweusi wa mbuga huvimba wakati wa masika na kupasuka wakati wa kiangazi, na kuba la matofali lililojengwa humo hupata nyufa zinazovujisha methani, gesi inayopasha dunia joto takriban mara 28 kuliko kaboni dayoksaidi kwa kipimo cha miaka 100. Fundi mwangalifu hutafuta kwanza luseni, udongo wa kichanga, hata kama uko mbali kidogo na nyumba.

Kwenye mialo ya kuchenjulia dhahabu, karasha, yaani mashine za kusagia mawe, huendeshwa mahali pengi kwa injini za dizeli. Injini hizo zinaweza kuvuta bayogesi iliyoondolewa salfa pamoja na hewa, dizeli kidogo ikibaki kwa ajili ya kuwasha, na zaidi ya nusu ya dizeli ikaokolewa. Samadi ya kulisha mtambo wa namna hiyo ipo kwenye machinjio na minada ya mifugo, ambako leo hutupwa. Tahadhari ni moja: maji ya mabwawa ya kuchenjulia yasiingizwe kamwe kwenye mtambo, kwa kuwa sianidi iliyomo huua vijidudu vinavyozalisha methani, na zebaki ingetoka na tope na kuishia katika mashamba ya mahindi.

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unakusudia asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo mwaka 2034, na taasisi kama CAMARTEC ya Arusha, yenye uzoefu wa mitambo ya bayogesi tangu miaka ya 1980, zina ujuzi wa kuusaidia. Halmashauri za Shinyanga, Kahama na Geita zinapopanga bajeti ya mtambo wa shule au wa machinjio, zinapaswa kuandika ndani yake kichujio, chenga za akiba, na mshahara wa mtu mmoja aliyefunzwa kuzibadilisha, kwa sababu jenereta inayolishwa gesi yenye salfa huharibika mapema, na baada ya hapo taasisi hurudi kununua kuni.