Mchagua Jembe si Mkulima: Mazoezi Baada ya Kubadilishiwa Goti, kwa Roboti na Bila Roboti

Mada ya elimu ya afya kwa wakazi wa kata



Katika vijiji vya Bariadi wapo wazee ambao magoti yamewagomea. Mtu aliyelima pamba tangu ujana wake, akabeba ndoo za maji na mizigo ya kuni miaka nenda miaka rudi, hufika umri wa miaka sitini akiwa hawezi kuinuka kwenye kigoda bila kushikwa mkono. Gegedu, yaani tabaka laini linalozuia mfupa kusuguana na mfupa, limelika. Wengi husema huo ni uzee tu. Hujichua kwa mafuta ya moto na kumeza dawa za maumivu za dukani. Baadhi yao wapatapo rufaa huelezwa na daktari kuwa goti linaweza kubadilishwa: ncha za mifupa zilizolika hukatwa, hufunikwa kwa chuma, na katikati huwekwa kipande cha plastiki ngumu.

Upasuaji huo una historia ndefu. Aina ya goti bandia iliyozaa mengi ya yale yanayotumika leo ilianza kupandikizwa New York mwaka 1974. Hapa Tanzania hufanywa katika Taasisi ya Tiba ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1996, na pia katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, Mloganzila. Mkazi wa Bariadi mwenye tatizo la goti huanzia zahanati au kituo cha afya, hupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, na ikibidi huelekezwa Bugando jijini Mwanza au Dar es Salaam.

Siku hizi, kupitia simu za vijana, zimeenea picha za wagonjwa wa ughaibuni waliovishwa mashine miguuni, zikiwafundisha kutembea upya. Ndipo huzuka swali: je, mtu asiye na roboti ana sababu ya kubadilishiwa goti? Wapo wanaokataa upasuaji kwa kuamini kwamba bila mashine hizo hautafaa kitu. Wapo pia wanaofanyiwa upasuaji, kisha wakarudi nyumbani na kulala, wakidhani kazi yote imekwisha katika chumba cha upasuaji. Wote wawili wamepotoka, na wa pili hupata hasara kubwa zaidi, kwa kuwa fedha zimekwisha kutumika, jeraha limekwisha kupona, na goti limekakamaa.

Roboti hufanya kazi gani?

Kwanza zitenganishwe roboti za aina mbili. Ipo roboti inayomsaidia daktari wakati wa upasuaji ili mfupa ukatwe kwa kipimo sahihi. Hiyo haimfundishi mgonjwa kutembea. Inayozungumzwa hapa ni ile ya utengamao, yaani ya kumrudishia mgonjwa uwezo wake baada ya upasuaji.

Mfano unaofahamika ni vazi la roboti liitwalo HAL, lililobuniwa na Profesa Yoshiyuki Sankai wa Chuo Kikuu cha Tsukuba nchini Japani. Baada ya goti kupasuliwa, uvimbe na maumivu huufanya msuli mkubwa wa paja uzubae: mgonjwa huuamuru uinue mguu, nao usiitike vizuri. Vazi hilo lina vihisio vinavyobandikwa juu ya ngozi ya paja. Mgonjwa akusudiapo kunyoosha goti, ishara hafifu za umeme hupita katika msuli. Vihisio huzinasa, na mota iliyo kando ya goti husaidia kumalizia mwendo ule. Faida yake ni kwamba mgonjwa hurudia zoezi mara nyingi bila kuchoka upesi, na mtaalamu hupata vipimo vya maendeleo yake.

Hapo pana jambo la kuzingatiwa sana. Hata roboti hiyo ya kisasa humsubiri mwenye mguu. Asipokusudia, nayo husaidia kwa lipi? Majaribio yaliyofanywa mpaka sasa juu ya roboti za namna hii kwa waliobadilishiwa goti ni madogo, na hayajathibitisha kwamba mwenye roboti humpita mbali yule aliyefanya mazoezi ya kawaida kwa bidii.

Ushahidi wa mashine ya zamani zaidi ni wazi kuliko huo. Daktari Robert Salter wa Toronto, Kanada, ndiye aliyeanzisha fikra ya mashine inayokunja na kukunjua kiungo yenyewe huku mgonjwa amelala. Ilitumika katika hospitali nyingi kwa miaka mingi. Mwaka 2014 watafiti wa mtandao wa kimataifa wa Cochrane walikusanya majaribio yaliyokuwapo kuhusu matumizi yake baada ya kubadilisha goti, wakaona kuwa iliongeza uwezo wa kukunja goti kwa takribani nyuzi 2 tu, kiasi kisichostahili gharama na usumbufu wake. Kukunjwa goti na mashine si sawa na kulikunja mwenyewe.

Aidha, mwaka 2017 ilichapishwa taarifa ya jaribio la Australia lililowalinganisha wagonjwa wa goti waliolazwa katika kituo cha utengamao na wale waliofuata mpango wa mazoezi wakiwa nyumbani, wakisimamiwa na mtaalamu. Baada ya majuma 26, waliolazwa hawakuwazidi wa nyumbani kwa umbali walioweza kutembea. Taarifa hiyo ni faraja kwa mwananchi wa Bariadi. Wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima. Roboti ni jembe zuri kwa aliye nalo. Lakini shamba hulimwa na mkono.

Goti na maisha ya Bariadi

Kukunja goti hupimwa kwa nyuzi. Kutembea mahali tambarare huhitaji takribani nyuzi 65 hadi 70. Kupanda ngazi huhitaji karibu nyuzi 90, na kuinuka kwenye kiti cha kawaida huzidi hapo kidogo. Kuchuchumaa kikamilifu huvuka nyuzi 120, na magoti bandia mengi hukomea karibu na hapo au chini yake. Kwa hiyo mgonjwa na familia yake wajue mapema kwamba choo cha kuchuchumaa hakitamfaa. Seremala wa kijijini anaweza kutengeneza kiti imara chenye tundu katikati na mahali pa kushika pande zote mbili, kikawekwa juu ya shimo la choo. Kiti hicho kiwe tayari kabla mgonjwa hajasafiri. Kigoda nacho kiwekwe kando. Aandaliwe kiti kirefu chenye mikono. Anayesali kwa kupiga magoti au kusujudu asali akiwa ameketi mpaka daktari atakapomweleza vinginevyo.

Mazoezi yasiyohitaji umeme

Kwa kawaida mgonjwa husimamishwa siku ile ile ya upasuaji au siku inayofuata, akisaidiwa na magongo au fremu ya kutembelea. Mazoezi yanayofuata ni ya kawaida katika tiba hii. Kiasi chake hupangwa na mtaalamu wa fiziotherapia aliyemhudumia.

La kwanza ni kuchezesha vifundo vya miguu juu na chini mara kwa mara, ili damu isigande katika mishipa. La pili ni kukaza msuli wa paja kwa kulisukuma goti chini kuelekea kitandani, kuhesabu hadi tano, kisha kulegeza. La tatu ni kuburuta kisigino taratibu kuelekea makalioni, goti likunjike, kisha kukirudisha. La nne ni kunyoosha: kanga iliyoviringishwa huwekwa chini ya kisigino ili goti lishuke kwa uzito wake. Mto usiwekwe chini ya goti, hata kama unaleta raha, kwa sababu goti lililozoea kupinda hukataa kunyooka, na mguu usionyooka huchechemea daima. La tano ni kuinuka kitini na kuketi tena, kwa msaada wa mikono mwanzoni.

Mazoezi hayo huuma, na maumivu hayo si dalili kwamba goti limeharibika. Dawa ya maumivu aliyoandikiwa mgonjwa inywewe nusu saa hadi saa moja kabla ya zoezi. Baada yake mguu uinuliwe na kupozwa kwa barafu iliyofungwa ndani ya kitambaa. Ni bora kufanya mara chache chache kila siku kuliko kwa nguvu nyingi siku moja na kuacha siku tatu. Haba na haba hujaza kibaba.

Majuma 12 ya mwanzo ndiyo yenye thamani kubwa. Katika muda huo makovu ya ndani bado ni mateke. Mgonjwa anayeona kwamba baada ya majuma sita goti halijafika nyuzi 90, yaani pembe ya mraba kama kona ya meza, asingoje lijirekebishe. Arudi kwa daktari, kwa kuwa bado inawezekana kulikunja akiwa chini ya dawa ya usingizi. Kadiri miezi inavyopita ndivyo makovu yanavyokomaa, na tiba huwa ngumu zaidi.

Zipo dalili ambazo hazingoji kesho: shavu la mguu kuvimba na kuuma, pumzi kukata au kifua kuchoma, jeraha kutoa usaha, homa, au kuanguka. Mgonjwa huyo apelekwe kituo cha huduma mara moja.

Wajibu wa familia na kata

Mkono mmoja hauchinji ng'ombe. Kabla ya kuruhusiwa kutoka hospitalini, ndugu anayemsindikiza mgonjwa aombe mambo matatu: maelezo ya mazoezi yaliyoandikwa, kiwango cha nyuzi alichofikia, na tarehe ya kurudi. Karatasi hiyo ioneshwe katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ili mgonjwa aulizie mahali pa karibu pa kuendelea na ufuatiliaji, badala ya kusafiri zaidi ya kilomita 1,000 kwenda Dar es Salaam kila mara. Masuala ya bima na ya msamaha kwa wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo yaulizwe kwa ofisa ustawi wa jamii kabla ya safari, ili familia ijue kinacholipiwa na kisicholipiwa, na isiuze ng'ombe kwa kubahatisha.

Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anaweza kumtembelea mgonjwa na kuuliza maswali mawili tu: leo umekunja goti mara ngapi, na limenyooka kiasi gani? Wajukuu nao wana kazi. Bibi aliyezoea kuhudumiwa kila kitu kitandani, kwa upendo mkubwa, hupoteza goti lake kwa upendo huo huo. Akiomba maji, asaidiwe kuinuka, ashike gongo lake, akayafuate mtungini.

Siku moja roboti za utengamao huenda zikafika Kanda ya Ziwa, na zitakapofika zitapokelewa vyema. Mzee aliyebadilishiwa goti mwezi huu, hata hivyo, ana majuma 12 mbele yake, na hayo hayasubiri mashine. Kitanda, kiti, kanga moja na ndugu wa kumhimiza vinatosha kuanzia leo.