Gharama ya Kumtibu Mbwa na Paka: Tufanye Nini?

(Mada iliyotolewa kwa wanavikundi wa kuweka na kukopa, Kata ya Makole, Dodoma)



Tunazungumzia leo jambo ambalo limejitokeza mara nyingi katika vikao vyetu: gharama ya matibabu ya mbwa na paka. Wapo watakaosema tuna ada za watoto na bei ya unga, mbwa ni kitu gani? Lakini mbwa ndiye mlinzi wetu wa usiku, na paka ndiye anayelinda gunia la mahindi lisiliwe na panya. Tena kitabu cha Mithali, sura ya 12, kinahesabu kumjali mnyama kuwa ni sehemu ya haki.

Manung'uniko yana msingi

Wazee wetu wanakumbuka enzi ambazo Serikali ilibeba sehemu kubwa ya gharama za majosho na chanjo za mifugo. Mageuzi ya uchumi ya miaka ya 1980 na 1990 yalibadilisha hali hiyo, na tiba nyingi zikaachiwa watu binafsi. Tangu hapo mfugaji hulipia dawa, hulipia utaalamu na hulipia nauli ya mtaalamu. Dawa nyingi za mbwa na paka hutoka nje ya nchi, na wanunuzi wake ni wachache kuliko wa dawa za ng'ombe. Ndiyo maana wengi wetu tumelipia sindano moja bila kuelezwa mnyama anaumwa nini, na wiki iliyofuata tukatakiwa kulipa tena.

Njia za mkato zina hatari

Fedha inapopungua, mtu hujaribu alichonacho. Kidonge cha panado, ambacho kwa mtu hutuliza maumivu, kinaweza kumuua paka, kwa kuwa mwili wake hauwezi kuivunja dawa hiyo. Dawa ya minyoo ya sindano iliyotengenezwa kwa ng'ombe ni kali mno kwa mbwa mdogo. Kosa la tone chache tu ni sumu. Dawa ya kupe ya kuogeshea ng'ombe ikikorogwa kwa kukisia humdhuru mbwa, na pia mtoto anayemshika. Antibiotiki ikikatizwa siku ya pili inaweza kuacha vijidudu vilivyozoea dawa. Njia hizi zinaonekana rahisi, lakini mwisho wake hugharimu zaidi.

Gharama kubwa kuliko zote

Ugonjwa ambao hatuwezi kufanyia mzaha ni kichaa cha mbwa. Dalili zikishaonekana kwa mtu, hakuna tiba ya kuaminika. Karibu wote hufa. Duniani inakadiriwa watu 59,000 hufa kila mwaka, wakiwemo watoto wengi. Mtu aliyeng'atwa anahitaji sindano kadhaa kwa siku zilizopangwa, na gharama yake ni mara nyingi ya chanjo moja ya mbwa. Kaya iliyoshindwa kulipia mbwa inaweza kujikuta inauza mbuzi ili kumwokoa mtoto.

Ugonjwa huu unazuilika. Wataalamu wanasema wakichanjwa mbwa 7 kati ya 10, mnyororo wa maambukizi hukatika. Ndugu zetu wa Pemba waliukomesha kwa kuchanja mbwa mwaka 2014, ukaingia tena mwaka 2016, wakachanja upya na kuushinda mwaka 2018. Somo la Pemba ni kwamba chanjo si kazi ya mara moja.

Tunapendekeza mambo manne

Kwanza, tununue kwa pamoja. Chanjo ya kichaa hupatikana pia katika chupa ya dozi 10, nayo ikishafunguliwa inapaswa kutumika siku hiyo hiyo. Mwenye mbwa mmoja akienda peke yake, hubeba gharama yote ya safari ya mtaalamu. Kaya 10 zikikusanyika kwenye uwanja mmoja, safari ni moja na chupa haimwagwi.

Pili, kila kikundi kitenge kiasi kidogo kila mwezi katika mfuko wa jamii kwa ajili ya mifugo. Ugonjwa haungoji mavuno.

Tatu, kabla ya kulipa tuulize maswali matatu: mnyama anaumwa nini, dawa hii inaitwaje, na itatolewa kwa siku ngapi? Tudai risiti na cheti cha chanjo. Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 inataka watoa huduma wasajiliwe. Kuuliza usajili si utovu wa adabu.

Nne, tufuatilie kwa ofisa mifugo wa kata ratiba za kampeni. Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na mara nyingi halmashauri huitumia kuchanja. Tusisubiri tangazo, twende tukaulize mapema.

Na mtu aking'atwa, osheni jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha nendeni kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo. Msipake pilipili wala dawa ya kienyeji.

Wapendwa, bei ya dawa hatuipangi sisi. Lakini uamuzi wa kuchanja mbwa wote wa mtaa kwa siku moja uko mikononi mwetu. Tunaomba kila kikundi kirudi na idadi ya mbwa na paka wake katika kikao kijacho, ili tupange siku.