Kutoka Objekti hadi Fankisheni: Elimu ya Pili ya Mwandishi wa Programu

Mwandishi wa programu aliyefunzwa Java chuoni, akaitumia kazini kwa miaka mingi, kisha akaamua kujifunza uprogramu wa kifankisheni, hukutana na ugumu wa aina ya pekee. Alama mpya huzizoea upesi, kama alivyozoea nyingine kabla yake. Kinachomsumbua ni yale anayoyajua tayari, kwa kuwa kila anapopewa tatizo mkono wake hutangulia kwenye njia ya zamani kabla akili haijaamua. Mhadhara huu, ulioandaliwa kwa wasikilizaji wa Magamba, wilayani Lushoto, unashikilia kwamba ugumu huo una chanzo kimoja, nacho ni namna mtu alivyozoea kufikiri kuhusu kitu kinachobadilika, na kwamba mwandishi wa programu wa Afrika Mashariki ana sababu za karibu, zilizomo katika mifumo inayotumika katika nchi hizi kila siku, za kuitafuta elimu hii ya pili.

Katika uprogramu wa kiobjekti, programu hujengwa kwa objekti, yaani mafungu ya taarifa yaliyofungwa pamoja na amri zinazoruhusiwa kuzigusa taarifa hizo. Objekti za aina moja hutengenezwa kutokana na kielelezo kimoja kiitwacho klasi, na kila objekti ina hali yake, yaani yale yanayosemwa na taarifa zake kwa wakati fulani. Fikra hii ilizaliwa Oslo, nchini Norwe, ambako Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard walitunga lugha ya Simula katika miaka ya 1960, toleo lake mashuhuri likiwa la mwaka 1967, kwa lengo la kuigiza ndani ya kompyuta mambo yanayotukia nje yake. Kwa kazi hiyo wazo la kitu chenye hali inayobadilika lilifaa kabisa, kwa sababu foleni hurefuka na kufupika, na programu inayoiga foleni haina budi kufanya vivyo hivyo. Java, iliyotolewa na kampuni ya Sun Microsystems mwaka 1995, iliirithi fikra hiyo na kuieneza duniani kote.

Nchini Tanzania urithi huo uko karibu kuliko unavyodhaniwa. Zahanati ya kijijini hujaza madaftari ya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, mwisho wa mwezi hujumlisha yaliyomo, na jumla hizo huingizwa katika mfumo wa kompyuta uitwao DHIS2, ambao msingi wake umeandikwa kwa Java, ukiendelezwa chini ya uratibu wa Chuo Kikuu cha Oslo, huku Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikiwa miongoni mwa washirika wake. Nygaard mwenyewe alitetea kwa bidii hoja ya kwamba wafanyakazi washirikishwe katika kubuni mifumo watakayoitumia, na walioanzisha kazi ya DHIS huko Afrika Kusini katika miaka ya 1990 walilelewa katika shule hiyo ya fikra. Kijana aliyejifunza Java, basi, hakupoteza muda wake, na mwalimu wa fankisheni anayeanza somo kwa kuzidhihaki objekti anawapotosha wanafunzi wake na kuwavunja moyo bure.

Fankisheni, kwa maana ya hisabati, ni kanuni inayopokea thamani na kutoa thamani, na ambayo kwa ingizo lile lile hutoa jibu lile lile, iwe imeitwa mara moja au mara elfu. Alonzo Church aliijengea nadharia kamili katika miaka ya 1930, kabla ya kompyuta za leo kuwapo, nayo huitwa kalkulasi ya lambda. John McCarthy akaitumia baadhi ya misingi yake alipobuni lugha ya Lisp mwaka 1958. Anayestahili kukumbukwa zaidi katika mjadala huu, hata hivyo, ni John Backus, kiongozi wa kundi lililotunga Fortran, ambaye alipopokea Tuzo ya Turing mwaka 1977 aliitumia hotuba yake kuukosoa mtindo ule ule ambao yeye mwenyewe alikuwa ameusambaza, akieleza kwamba lugha za kawaida zimefungwa mno na tendo la kubadilisha yaliyomo katika kumbukumbu ya mashine, neno moja baada ya jingine. Ni nadra mtu wa hadhi yake kuisahihisha kazi yake mbele ya hadhara, na uzito wa hoja yake haujapungua.

Tofauti yenyewe huonekana katika maana ya jina. Kwa mzoefu wa Java, jina ndani ya programu ni chombo: sasa kina 12, mstari wa tatu kina 15, na baada ya kuitwa kwa amri iliyoandikwa katika faili jingine huenda kikawa na kitu kingine kabisa. Katika uprogramu wa kifankisheni jina hupewa thamani mara moja na kubaki nayo. Palipokuwa na amri ya kuongeza shilingi 5,000 katika akaunti, sasa pana fankisheni inayopokea akaunti na kutoa akaunti nyingine yenye salio jipya, ile ya kwanza ikibaki kama ilivyokuwa, kama vile mtunza hesabu mwaminifu asivyofuta mstari uliokwisha kuandikwa katika daftari, bali huongeza mstari wa marekebisho chini yake. Hapo ndipo mzoefu huuliza swali lake la kwanza, ambalo ni la haki: je, kumbukumbu ya kompyuta haitajaa nakala? Jibu ni kwamba nakala nzima haitengenezwi. Orodha mpya iliyopatikana kwa kuongeza kipengele kimoja mbele ya orodha ya zamani hubeba kipengele hicho pamoja na kielekezi cha ile ya zamani, na kwa kuwa ile ya zamani haitabadilika kamwe, zote mbili huweza kuitumia sehemu moja pasipo hatari yoyote. Kile kisichoelekezwa tena na chochote huondolewa na mfumo wenyewe, kama Java inavyofanya tangu ilipoanza.

Swali la pili huhusu kitanzi, yaani amri inayorudiwa mpaka sharti fulani litimie. Chukulia kwamba inatakiwa jumla ya wagonjwa wa malaria wa mwezi mmoja kutoka katika zahanati zilizoripoti. Mzoefu huanza kwa kuandika kwamba jumla ni 0, kisha huipitia ripoti moja moja, huuliza kama ni ya mwezi unaohusika, na kama ndivyo huiongezea jumla. Njia ya kifankisheni hutumia vitendo vitatu ambavyo kila kimoja ni fankisheni inayopokea fankisheni nyingine: cha kwanza huchuja orodha ili zibaki ripoti za mwezi huo, cha pili huigeuza kila ripoti kuwa idadi ya wagonjwa, na cha tatu huikunja orodha ya idadi hizo kuwa namba moja. Njia zote mbili hutoa jibu moja. Lakini msomaji wa ile ya kwanza hulazimika kuibeba akilini thamani ya jumla katika kila hatua, ilhali msomaji wa ile ya pili huweza kukikagua kila kitendo peke yake, akakiamini, akaenda kwenye kinachofuata.

Yote hayo, hata hivyo, yangeweza kuitwa suala la ladha, na wapo wanaoliita hivyo. Faida kubwa zaidi hudhihirika pale taarifa inapokosekana. Zahanati isiyoona mgonjwa hata mmoja wa malaria katika mwezi mzima inapaswa kuandika 0, na zahanati ambayo ripoti yake haijafika haijaandika kitu. Kwa mganga mkuu wa wilaya hayo ni mambo mawili yaliyo mbali sana, kwani la kwanza ni habari njema na la pili linataka ufuatiliaji. Ndani ya programu, tofauti hiyo hupotea kwa urahisi wa kutisha. DHIS2 yenyewe, isipoelekezwa kwa kila kipengele cha takwimu kwamba sifuri ni ya maana, kwa kawaida haihifadhi sifuri, ili kuokoa nafasi, na kwa hiyo anayeandaa mfumo hana budi kulifikiria jambo hili mapema. Lugha za kiobjekti zilikuwa na suluhisho lao la zamani, nalo ni kielekezi kitupu, yaani jina lisiloelekeza popote, ambalo Tony Hoare alilibuni mwaka 1965 na miaka mingi baadaye, mwaka 2009, akaliita hadharani kosa lake la dola bilioni moja, kwa sababu programu husahau kuuliza kama kielekezi ni kitupu, ikasimama ghafla katikati ya kazi.

Lugha za kifankisheni kama Haskell hulishughulikia jambo hilo kwa aina za taarifa. Idadi inayoweza kukosekana hutangazwa kuwa ya aina yenye sura mbili, ama hakuna kitu, ama kuna kitu na chenyewe ni hiki. Na kompaila, yaani programu inayotafsiri maandishi ya mwandishi kwenda lugha ya mashine, haikubali aina hiyo ijumlishwe kana kwamba ni namba ya kawaida, na ikiagizwa humwonya mwandishi aliyeisahau mojawapo ya sura hizo. Ripoti ambayo haijafika haiwezi kugeuka kuwa sifuri kimyakimya. Lazima pawepo mtu aliyeamua na kuandika uamuzi wake. Mzoefu wa Java huiona kompaila ya namna hii kuwa kali kupita kiasi katika majuma ya kwanza, na ni wajibu wa mwalimu kumwonesha kwamba ukali huo unamlinda mgonjwa ambaye hatamwona kamwe.

Liko jambo jingine linaloihusu Magamba moja kwa moja. Chuo kikuu kilichoanzishwa hapa mwaka 2007 kwa kumbukumbu ya Askofu Sebastian Kolowa kilijulikana kwa elimu ya mahitaji maalumu, na Irente, karibu na mji wa Lushoto, ipo shule ya watoto wasioona. Mtu asiyeona huandika programu akisaidiwa na kisoma-skrini, ambacho humsomea maandishi mstari baada ya mstari, naye hana jicho la kuruka juu kutazama tena jina fulani lilibadilishwa wapi. Programu ambayo hali yake hubadilishwa kutoka sehemu nyingi humlazimu kukumbuka historia nzima. Fankisheni fupi, inayotegemea yale tu iliyopewa, husikika na kueleweka mahali ilipo. Kizuizi kipo pia, kwa kuwa Haskell huipa maana nafasi iliyoachwa mwanzoni mwa mstari, na nafasi si rahisi kusikika. Lakini lugha hiyo inaruhusu mabano na nuktamkato badala yake, na kisoma-skrini huweza kuwekwa kitaje nafasi hizo. Walimu wa kompyuta wanaofikiria wanafunzi wasioona wana sababu ya kulipima jambo hili kwa makini kuliko lilivyopimwa mpaka sasa.

Kuhusu mifumo mikubwa, mfano mmoja unatosha. Ujumbe wa WhatsApp anaoutuma mkulima wa Lukozi kwa mnunuzi wa kabichi aliyeko Dar es Salaam hupitia katika mitambo iliyojengwa kwa Erlang, lugha ya kifankisheni ambayo Joe Armstrong na wenzake walianza kuibuni katika kampuni ya simu ya Ericsson, nchini Uswidi, mwaka 1986. Humo kazi ndogondogo nyingi huendeshwa kwa pamoja bila kugusana kumbukumbu, zikipelekeana ujumbe tu, hivyo moja ikianguka nyingine huendelea. Mwaka 2012 WhatsApp ilitangaza kwamba seva moja iliweza kushikilia miunganisho zaidi ya milioni 2 kwa wakati mmoja.

Mzoefu aanzie wapi? Wapo wanaoshauri abaki ndani ya Java, ambayo tangu toleo la 8 la mwaka 2014 ina fankisheni zisizo na jina na vitendo vya kuchuja, kugeuza na kukunja. Ushauri huo unafaa kwa mwezi wa kwanza, lakini hautoshi, kwa sababu lugha inayoruhusu njia zote mbili humrudisha mtu kwenye mazoea siku ya kwanza anayobanwa na muda. Afadhali achukue angalau lugha moja isiyompa mlango wa kurudi nyuma. Mwaka 2019 huko Addis Ababa kampuni ya IOHK iliendesha mafunzo ya Haskell kwa wanawake kutoka Ethiopia na Uganda, ushahidi kwamba somo hili limekwisha kufundishwa katika ukanda huu. Nadharia zenye majina ya kutisha, kama monadi, ambazo huratibu kuandika kwenye faili na kusoma kutoka kwenye mtandao, zisubiri. Wengi hukata tamaa kwa kuanzia huko, na hakuna sababu ya kuanzia huko.

Kazi ya kwanza iwe ya takwimu anazozifahamu, na iambatane na majaribio ya sifa, mbinu iliyoletwa na Koen Claessen na John Hughes mwaka 2000 kwa programu yao QuickCheck, ambayo badala ya kumtaka mwandishi abuni mifano humtaka ataje sifa ambayo lazima iwe kweli siku zote, kisha yenyewe hubuni maingizo ya kubahatisha, 100 kwa kawaida, na kuitafuta kasoro. Wilaya ya Lushoto ina halmashauri mbili, ya Lushoto na ya Bumbuli. Jumla ya wilaya inayopatikana kwa kujumlisha zahanati zote kwa pamoja lazima ilingane na ile inayopatikana kwa kujumlisha kila halmashauri kwanza, na isitegemee ripoti ipi ilitangulia kufika. Sifa hiyo huandikwa kwa mistari miwili au mitatu, na mwanafunzi anayeiandika, kisha akaipima kwa ripoti ambazo baadhi yake zimekosekana, huwa ameanza kufikiri kwa fankisheni.