Pumba za Mpunga na Usalama wa Ziwa Tanganyika



Mkulima wa bonde la Imbo apelekapo mpunga wake mashineni hurudi nyumbani na mchele. Pumba huachwa nje zikarundikana, na mara nyingi mwisho wake ni moto. Leo tunazitetea pumba hizo, pamoja na maganda ya kahawa na magunzi ya mahindi, kwani zaweza kufanya kazi kubwa katika Eneo la Viwanda la Bujumbura.

Eneo hilo li jirani na Ziwa Tanganyika, ambalo ndilo kisima cha mji huo. Kina chake chafikia mita 1,470, na maji yake hutoka kwa mto mmoja tu, Lukuga, uelekeao Kongo. Kwa hiyo kitu kiingiacho humo hukaa kwa mamia ya miaka.

Sehemu ya maji machafu ya mji husafishwa katika mabwawa ya Buterere, ambamo vijidudu hula uchafu uozao. Lakini metali nzito haziozi. Risasi ya betri kuukuu, kromiamu ya ngozi na rangi, au kadmiamu, hubadili makazi tu: kutoka majini huingia topeni, na zikifika ziwani huweza kuingia katika samaki, hata sahanini. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, na kadmiamu huharibu figo. Huko Minamata, Japani, maradhi yaliyotokana na zebaki ya kiwanda yaligunduliwa mwaka 1956, baada ya watu kula samaki wa ghuba yao bila kujua.

Basi pumba zinafanyaje kazi? Chembe nyingi za metali zilizoyeyuka majini zina chaji chanya. Juu ya maganda ya mimea mna sehemu zenye chaji hasi, nazo huzinasa chembe hizo kama ulimbo unasavyo ndege. Pumba huoshwa, hukaushwa, hupangwa katika pipa, kisha maji hupitishwa polepole. Wataalamu wa nchi nyingi wamelithibitisha jambo hili katika maabara.

Hata hivyo, tusijidanganye. Ukali wa tindikali ya maji lazima upimwe, maana ukizidi, pumba huachilia kile zilichokinasa. Tena pumba zilizokwisha kushiba metali ni sumu. Asitokee mtu akazilisha ng'ombe, akazitia shambani au akazipikia chakula! Zihifadhiwe mahali salama, au zioshwe kwa tindikali ili metali ipatikane tena.

Kazi hii yafaa ianzie kiwandani, kabla maji hayajachanganyika na ya mji mzima, kwani ni rahisi kukinga tone kuliko kuzuia mto. Burundi, Tanzania, Kongo na Zambia zilitia saini Mkataba wa Ziwa Tanganyika mjini Dar es Salaam tarehe 12 Juni 2003, na mkataba huo unatamka kwamba mchafuzi ndiye agharimie. Gharama ya gunia la pumba ni ndogo mno kupita ya ziwa lililotiwa sumu.

Wenye viwanda wapime maji yao. Wataalamu watoke maabara waje kwenye mifereji. Wahenga walinena: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Nasi twaongeza: ukuta wa ziwa hauna fundi.