Mlango Mwembamba Siku ya Mauzo



Juma hili nataka tuzungumzie foleni isiyoonekana kwa macho. Foleni ya Kariakoo mkesha wa Idi tunaifahamu: watu wamebanana mlangoni, mwenye duka jasho linamtiririka, na wewe ukichoka unarudi nyumbani, fedha zako zikiwa mfukoni. Katika duka la mtandaoni foleni imo ndani ya kompyuta, na pengine fedha zako zimekwisha kutangulia ndani ilhali wewe bado uko nje.

Ndiyo maana siafiki tunapoambiwa kwamba "mfumo umezidiwa", kana kwamba ilinyesha mvua ya mawe. Siku ya punguzo la bei huipanga mwenye duka mwenyewe, akailipia matangazo redioni na magazetini. Mgeni uliyempelekea kadi ya mwaliko huwezi kulalamika kwamba amekuja ghafla.

Wala si maduka madogo tu yanayoumbuka. Tarehe 16 Julai 2018 kampuni ya Amazon ya Marekani ilifungua siku yake kubwa ya mauzo saa tisa alasiri kwa saa za New York, yaani saa nne usiku kwetu. Mara tu baada ya kufungua, wateja wengi walikuta picha za mbwa na maneno ya kuomba radhi. Nyaraka za ndani zilizopatikana na kituo cha CNBC zilionyesha kwamba seva hazikutosha, ikabidi waweke ukurasa wa mbele uliorahisishwa na kuwazuia kwa muda wateja wa nchi za nje. Na hii ndiyo kampuni inayokodisha kompyuta kwa nusu ya dunia!

Sasa mtu atauliza: si waongeze mashine tu? Hapo ndipo wengi hukosea. Ukurasa wa mbele, wenye picha na bei, unaweza kunakiliwa katika mashine mia, na kila mashine ikawahudumia watu wake. Lakini daftari la stoo halinakiliki namna hiyo. Ikiwa imebaki pasi moja ya umeme, lazima pawe na mahali pamoja panapoamua ni ya nani, la sivyo itauzwa kwa watu wawili. Malipo nayo hupita kwa benki au kampuni ya simu, ambayo si mali ya duka na ina kikomo chake cha malipo kwa sekunde. Basi ukiongeza mashine za mbele peke yake, unachofanya ni kupanua lango la uani huku mlango wa chumba ukibaki mwembamba vilevile. Watakanyagana huko ndani.

Wachina wa kampuni ya Alibaba walilijua hilo mapema. Siku yao ya tarehe 11 Novemba ilianza mwaka 2009 ikiwa na chapa 27 tu za bidhaa. Mwaka 2020, katika kilele chake, walipokea oda 583,000 kwa sekunde moja. Tangu 2013 wamekuwa na desturi ya kufanya mazoezi kabla ya siku yenyewe: wateja wa bandia, waliotengenezwa na programu, hupitishwa njia nzima, kutoka kutazama bidhaa hadi kulipa, kwenye mashine zilezile za kazi. Oda hizo huwekewa alama zisichanganyike na za kweli. Panapokwama ndipo fundi anapojua mlango mwembamba uko wapi. Vilevile huamua mapema nini kizimwe mzigo ukizidi. Mapendekezo ya "huenda ukapenda na hiki" yanaweza kulala usingizi, malipo hayawezi.

Mwenye duka wa Dar es Salaam au Nairobi hahitaji maarifa ya oda laki tano. Anahitaji kuiuliza kampuni ya simu, majuma kadhaa kabla, inaruhusu malipo mangapi kwa sekunde, kisha awaweke wateja waliozidi katika chumba cha kungojea na kuwaonyesha namba zao. Na programu isiguswe siku za mwisho. Fundi anayebadilisha kitu usiku wa kuamkia mauzo, huyo mnyang'anye funguo.

Liko jambo moja ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote, nalo halina gharama ya kutisha. Mteja akibonyeza "lipa" na kioo kikaganda, atabonyeza tena. Ni kawaida ya binadamu. Hata mlango wa jirani tunaugonga mara mbili. Kwa hiyo kila oda ipewe namba yake kabla ya malipo kutumwa, na namba hiyo isafiri pamoja na ombi la fedha hadi upande wa pili. Ombi la pili likifika na namba ileile, mfumo wa malipo unajibu kwamba hili limekwisha kupokewa, na haukati tena. Hapo mama aliyeko Mbagala anaweza kubonyeza hata mara tano kwa hasira, na shilingi zake zikatoka mara moja tu.