Kazi ya Utafiti Baada ya Uzamivu

Kama una shahada ya uzamivu katika sayansi, au mwanao anaikaribia, sogea karibu na redio.

Vyuo vikuu vingi duniani huajiri watafiti waliokwisha kupata uzamivu. Hii ni ajira ya mkataba, mara nyingi mwaka mmoja hadi mitatu. Hulipi karo, unalipwa mshahara ufanye utafiti katika maabara ya profesa fulani.

Ulaya, kwa mfano, kuna ufadhili wenye jina la Marie Skłodowska-Curie, mwanasayansi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1903 na tena 1911. Uko wazi kwa watafiti wa mataifa yote, Waafrika wakiwemo. Lakini lipo sharti linalowakwamisha wengi: katika miezi 36 kabla ya tarehe ya mwisho ya maombi, usiwe umeishi au kufanya kazi zaidi ya miezi 12 katika nchi unayotaka kwenda.

Maombi huandaliwa pamoja na profesa atakayekupokea, kwa hiyo mtafute mapema. Soma makala zake kwanza, kisha mwandikie kwa ufupi, ukieleza utafiti wako unakutana wapi na wake. Barua moja inayotumwa kwa maprofesa hamsini hutambulika upesi, na inasikitisha kuona vijana wetu hodari wakikosa kujibiwa kwa sababu hiyo tu.

Na ukiombwa pesa ili upewe kazi hiyo, usitume. Huo ni utapeli.